Mwalimu, Pamela Hakuipata Kazi

Mwalimu Dorcas,

Ulitufundisha kwamba barua ya heshima huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Yako naijua, kwa hiyo hapo nitaruka. Yangu si nzuri. Nimekaa kwenye benchi la mbele, hapa Kianda, kwenye kile chumba alichotuachia nyanya yake Zulekha, yule bibi mwenye plot hii ya vyumba vya kupangisha. Ni Jumamosi asubuhi na mlango uko wazi. Wanafunzi hawajafika. Siku hizi wanakuja wakijisikia, na wengine hawaji kabisa, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia.

Hukupenda mtu azunguke, kwa hiyo nakwambia sasa hivi. Pamela hakuipata kazi. Amerudi kwao, upande wa Ziwa, na sidhani kama atakuja tena Nairobi. Nilikuwa nimekuahidi.

Unakumbuka pale wodini, mdomo wako ulipokuwa umevutwa upande mmoja na maneno yanatoka nusu nusu. Mimi niliinama nikidhani unaniomba maji. Ukasema, "Pamela apate." Nikakuambia atapata. Ukasema tena, "Apate," kama mtu anayesahihisha daftari ambaye hajaridhika na jibu. Nikakuapia. Sikujua kwamba hayo ndiyo yangekuwa mazungumzo yetu ya mwisho. Ningejua ningekuambia na mambo mengine, lakini labda usingesikiliza, maana wewe kichwani ulikuwa na Pamela.

Sikukulaumu kwa hilo. Kati yetu sote yeye ndiye aliyekuwa hana pa kuegemea. Alikuwa analala kwa shangazi yake, chumba kimoja, na shangazi alikuwa karibu kujifungua. Pamela naye mtoto wake mwenyewe alikuwa amemwacha kwa nyanya yake nyumbani. Ile hoteli kubwa ya upande wa Kilimani ilipotangaza kwamba inatafuta wasichana wa kutandika vitanda, ila lazima wajue Kiingereza cha kuongea na wageni, wewe ulianza kumfundisha hata siku ambazo si za darasa. Ulikuwa unatoka kwako Kawangware kwa miguu, na miguu yenyewe imevimba, unasema unanyoosha mgongo.

Nikumbuke kidogo darasa lako, kwa sababu hakuna wa kunisimulia.

Kilichotushinda wote ni kulinganisha. Kiswahili chetu hakina taabu, unasema Pamela anapika haraka kuliko mimi, umemaliza. Kiingereza kinataka pande mbili zilingane. Siku ya kwanza Pamela alisimama akasema kwa ujasiri, "My ugali is softer than Zulekha." Wewe ukamwangalia Zulekha juu mpaka chini. Ukauliza darasa, "Huyu Zulekha ni laini kiasi gani?" Tulicheka mpaka bibi mwenye plot akaja kuchungulia. Halafu ukatueleza kwamba Pamela amelinganisha ugali na mtu. Ugali ulinganishwe na ugali, upishi na upishi, vitanda na vitanda. "Weka sufuria mbili kwenye jiko moja," ulisema. Tangu siku hiyo mtu akikosea tunamuuliza sufuria yako ya pili iko wapi.

Na kile kitenzi cha pili. Uliandika ubaoni, "Pamela cooks faster than I cook." Ukasema ni sahihi lakini inachosha, Mzungu hasemi hivyo. Ukafuta lile "cook" la mwisho kwa kiganja, maana dasta hukuwahi kuitumia, ukaandika "do" mahali pake. Halafu ukafuta na hiyo "do". Ukatuuliza, "Bado mnaisikia?" Tukajibu tunaisikia. Ukasema basi, kikishaeleweka kinaweza kuachwa, bora pande zote mbili ziwe zinasema jambo moja. Kiganja chako kilikuwa cheupe kwa chaki hadi jioni.

Watu wamejaribu kunituliza kwa maneno ya namna hiyo. Mchungaji alisema hupo lakini bado uko nasi. Jirani yako akasema nikinyamaza nitakusikia. Nimenyamaza, Mwalimu. Nimekaa hapa nikiutazama huu ubao nikajaribu kweli kweli, na sikusikia kitu ila muziki wa kinyozi wa hapo nje. Wewe si neno lililofutwa. Umekufa tu.

Mazishi yako kule kwenu kijijini nikusimulie, maana yalikuwa na kituko ambacho ungekipenda. Kila aliyeshika maikrofoni alikusifu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yetu. Hata mtu anayeuza mbuzi akifa lazima asifiwe kwa Kiingereza. Shemeji yako, yule mrefu, akasimama na karatasi yake, akasema upishi wako ulikuwa bora kuliko wanawake wote wa ukoo huu. Upishi kuliko wanawake. Zulekha akanifinya. Nikamnong'oneza sufuria ya pili iko wapi, na hapo ikanitoka, nikacheka mbele ya jeneza lako, mabega yanatikisika, machozi yanatoka. Wamama wakanishika huku na huku wakidhani nimezidiwa na uchungu. Nilikuwa nimezidiwa, lakini pia nilikuwa nacheka. Nilipotaka kuacha kucheka nikaona siwezi kuacha kulia.

Tuliporudi Nairobi nilienda kwako Kawangware kuchukua ubao, maana ulikuwa umeupeleka kwenye darasa lako la pili huko. Ndugu zako walikuwa wamebeba kitanda, meza na mitungi, na ubao walikuwa wameuegemeza mlangoni wakisema utafaa kutenga banda la kuku. Nikasema huu ni wangu. Si kweli, lakini hakuna aliyebisha. Niliupakia kwenye boda boda, mimi nyuma nimeukumbatia, na kila tulipopata uwazi upande wa Riruta upepo unaushika ubao unatuvuta pembeni. Mwendesha boda alinitukana njia nzima. Darasa la Kawangware lilikufa siku hiyo hiyo, nikupe ukweli. Wale wanafunzi walikuja mara chache hapa Kianda, wakasema ni mbali, na mmoja akaniambia usoni kwamba Mwalimu alikuwa anafundisha vizuri kuliko mimi. Nilitaka kukasirika nikaona hata sentensi yenyewe ameipanga sawa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimelichelewesha.

Ulikuwa na ile sheria yako. Kila mtu anayelinganisha lazima ajiweke upande wa chini. Hukuianza bure. Nilikuwepo siku Mama Brian alipotoa mfano kwamba nyumba yake ni safi kuliko ya Mama Tish, na Mama Tish ameketi benchi hilo hilo. Hawa wanaishi plot moja, wanatumia bomba moja na choo kimoja, na nani husafisha choo ni vita ya zamani. Kabla hujageuka kutoka ubaoni walikuwa wameshikana vilemba. Iliwachukua wiki nyingi kusalimiana. Jumamosi iliyofuata ukaandika sheria juu kabisa ya ubao: hapa tunasema mwenzangu ananishinda. "She cooks better than I do." "Her house is cleaner than mine." Ukasema kwenye plot zetu neno kuliko limevunja nyumba nyingi, na wewe hutaki livunje darasa.

Na ilifanya kazi. Siwezi kukataa. Watu walianza kuja mapema ili wasikie watasifiwa nini. Mama Tish alilia siku Mama Brian aliposema mtoto wa Tish ana adabu kuliko wake. Mtu ameshinda wiki nzima akifulia watu nguo, anatukanwa, halafu Jumamosi anakaa hapa anasikia mtu anamwambia kwa Kiingereza safi kwamba anamshinda. Wengi hawakuwa wanakuja kwa ajili ya Kiingereza. Nilipoachiwa darasa sikuigusa hiyo sheria, niliiandika upya kule kule juu ya ubao. Niliwapigisha mazoezi yale yale uliyoyaacha, mpaka sentensi zikawa zinatoka zenyewe kama mtu anayejibu salamu.

Siku ya usaili niliwasindikiza, Pamela na Zulekha, ambaye naye alikuwa ameomba kazi hiyo hiyo. Pamela alikuwa amevaa ile blauzi yako ya bluu, dada yako alimpa. Tuliondoka mapema, tukatembea, tukafika viatu vina vumbi, tukavifuta kwa majani pale getini. Mimi nikabaki nje na wengine waliosindikiza. Walikuwa wanawaingiza wawili wawili. Hao wetu waliitwa pamoja, nikaona ni bahati.

Walitoka wakikimbia. Wakanirukia, wote wawili, karibu wanitupe chini. Pamela akasema, "Teacher, hatujakosea hata neno moja." Zulekha akasema hata zile "do" waliziweka mahali pake, na wakati mwingine wakaziacha, na yule mama wa hoteli alikuwa anatingisha kichwa kukubali. Tulicheka njia nzima kurudi. Pamela aliimba. Pale karibu na kituo cha Olympic alisimama akanunua mandazi kwa pesa yake ya mwisho, akatugawia, akasema akipata mshahara wa kwanza atamleta mtoto aanze shule hapa hapa Kianda. Nilikula lile andazi nikakwambia kimoyomoyo, unaona.

Hawakuitwa. Tulisubiri, simu ya Pamela ikawa ya kushikwa mkononi hata akienda kuoga. Mwishowe nilipiga mimi. Yule mama wa hoteli alikuwa mpole, alinikumbuka pale getini. Akaniambia, "Hao wasichana wako wanaongea Kizungu kizuri sana. Shida ni hawajiamini."

Nikamuita Zulekha nikamwambia anisimulie yote, neno kwa neno. Kumbe waliambiwa kila mmoja ajilinganishe na mwenzake aliyekaa kando. Pamela akaanza. "She works faster than I do. Her beds are neater than mine." Vitanda na vitanda, Mwalimu, sufuria mbili kwenye jiko moja. Zulekha naye akasema Pamela ana subira kumshinda, na wageni watampenda zaidi. Yule mama akamuuliza Pamela kama basi wamchukue Zulekha. Pamela akajibu ndiyo, kwa sababu baada ya kusema hivyo angejibu nini. Yule mama akamgeukia Zulekha akamuuliza swali lile lile kuhusu Pamela, na Zulekha akajibu ndiyo. Wakaambiwa asante sana. Wao wakadhani ni asante ya kweli.

Kati ya waliochukuliwa yumo msichana mmoja wa Kawangware aliyeingia baada yao. Zulekha alikutana naye baadaye, akamsikia akiwahadithia wenzake alivyojibu. Alisema, "Me I am the best, that one she is slow." Sina ubaya naye. Alikuwa anataka kazi akaiomba.

Hawajiamini. Nimelizungusha neno hilo kichwani siku nyingi. Nilitaka kumpigia tena yule mama nimweleze kwamba hiyo ni adabu, kwamba hawa wamefundishwa na mwanamke aliyejua hasira za bomba moja na choo kimoja, kwamba walichokuwa wanafanya pale mbele yake ni kupendana. Sikupiga. Angesema nini? Yeye anatafuta wa kutandika vitanda.

Pamela hakulia. Shangazi alijifungua, chumba kikajaa, na hakuna aliyemfukuza lakini aliona mwenyewe. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta anakunja ile blauzi yako. Alitaka nimrudishie dada yako. Nikamwambia akae nayo, ni yake. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, kwamba atafute tena, kwamba hoteli si moja, lakini nilikuwa nimeshamwambia hayo yote kabla na yeye alikuwa amechoka kuyasikia. Aliniona nimenyamaza akadhani nahitaji kufarijiwa mimi. Akatabasamu, akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, bila kosa, "It's okay, teacher. Zulekha deserved it more than I did."

Zulekha pia hakuipata, Mwalimu. Kwa hiyo hata hilo lilikuwa la bure. Nilitoka nje nikasimama kwenye mtaro mpaka nilipoweza kurudi ndani kumsaidia kubeba mizigo.

Sasa hivi Pamela analimia watu. Anapalilia mashamba ya wenzake, na jioni anampikia nyanya yake. Alinitumia ujumbe wa sauti mara moja, nikasikia mtoto nyuma akicheka, na yeye akasema mvua imeanza na mahindi ya jirani yamekuwa marefu kuliko yao. Nimeusikiliza mara nyingi. Baadaye aliacha kujibu. Nadhani simu imeharibika, au ameiuza.

Nimekukasirikia. Nilikuwa nakuja hapa Jumamosi nikisimama mbele ya ubao wako nakasirika. Halafu nakutetea mwenyewe. Najiambia ungekuwepo ungeligundua, ungewaambia kabla hawajaingia kwamba ile ya darasani ni ya darasani, na pale mbele ya mwajiri mtu anageuza. Labda. Mimi sikuligundua, na wewe hukuwahi kuniambia kama kuna siku ya kugeuza. Sina wa kumuuliza. Hili ndilo linalonimaliza, kwamba kila swali langu kuhusu jambo hili lina mtu mmoja tu wa kulijibu.

Jumamosi iliyopita nilijaribu. Nilifuta sheria yako kule juu, nikawaambia leo kila mtu anajiweka juu ya mwenzake. Wakacheka. Mama Brian akasema, "Teacher, hiyo ni kujigamba," na akakataa katakata, yeye ambaye zamani alishikana kilemba na mtu kwa sababu ya usafi wa nyumba yake. Umemlainisha vizuri sana. Mama Tish akasema hawezi kumwambia Mama Brian kitu kama hicho sasa hivi, wamekuwa marafiki. Nikamgeukia Zulekha. Alisimama. Alisema "I am", akaangalia mahali Pamela alipokuwa akikaa, akakaa chini akafunika uso kwa ushungi wake. Nikawaruhusu waende mapema.

Sina matumaini na darasa hili, nikwambie tu. Bibi mwenye plot hajasema kitu lakini nimeona watu wanakuja kukipima chumba kwa macho. Na hata wanafunzi wakirudi wote, hata wakijifunza kujisifu mpaka paa litoke, Pamela hatakuwa kati yao. Yule uliyeniomba nimsaidie ndiye aliyeshindwa, na alishindwa kwa kufanya kila kitu sawasawa kama ulivyomfundisha, mimi nikiwa nyuma nikimpigia makofi.

Nasikia kama kuna mtu anakanyaga changarawe huko nje, kwa hiyo nimalize.

Sitaomba upumzike kwa amani. Kila mtu alikuombea hayo, na mimi sijui kama unaweza, ukijua ninayokuandikia. Kwaheri tu, Mwalimu wangu. Nakuahidi jambo moja na najua hutalipenda. Mwanamke yeyote atakayeketi kwenye benchi hili baada ya leo, simwachi aende kuomba kazi kabla hajasimama mbele ya rafiki yake, akamwangalia machoni, akasema kwa sauti kwamba yeye anamshinda. Walie, wagombane, watanikuta hapa. Nilikupenda kuliko nilivyompenda mama yangu mzazi, na ulikosea.

Wako,
Nafula